Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ziara za Viongozi na Ufufuaji wa Miji Midogo

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya semina ya Makatibu na wajumbe wa bodi za vyama wanachama. Yanachapishwa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Mada niliyopangiwa inahusu ziara za viongozi zinazofanywa kwa ajili ya kusherehekea kufufuliwa kwa mitaa ya kale katika miji midogo. Yawezekana baadhi yenu mnajiuliza mkaguzi wa vitabu vya hesabu ana shughuli gani na utepe unaokatwa kwa mkasi. Jibu langu ni fupi. Kila utepe una hati yake ya malipo, na hati ya malipo ndiyo kazi yangu.

Vyama vyetu vingi vina majengo katika miji midogo: maghala, ofisi, na nyumba zilizokuwa maduka ya ushirika. Mengi ya majengo hayo ni ya zamani. Mtakumbuka kuwa vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mali zake zikakabidhiwa mamlaka nyingine. Kisha sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vyama hivyo virudi. Majengo yaliyorejea mikononi mwa wakulima mara nyingi yalirejea yakiwa na nyufa na mabati yenye kutu. Sasa, pale mji unapoamua kuutengeneza mtaa wake wa zamani, kiongozi hualikwa, na barua ya kuomba mchango humfikia Katibu wa chama. Akichanga, wanachama humwuliza fedha imekwenda wapi. Asipochanga, huonekana mtu asiyeheshimu wakubwa. Hapo ndipo penye shida, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Nimechagua kueleza mfano wa Marekani. Sikuuchagua kwa kudhani kwamba kila kitokacho ng'ambo ni chema. Nimeuchagua kwa sababu huko kazi hii imefanywa kwa utaratibu ulioandikwa kwa zaidi ya miaka 40, na ziara za wakubwa zimepewa mahali pake katika utaratibu huo. Tukiutazama mfano huo kwa makini tutajua lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Jinsi mitaa ilivyokufa

Mji mdogo wa Marekani kwa kawaida ulikuwa na mtaa mmoja mkuu. Hapo palikuwa na benki, duka la nguo, duka la dawa, jumba la senema, na mahakama ya wilaya. Mkulima alikuja hapo kuuza, kununua, na kusikia habari. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika. Sheria ya mwaka 1956 iliidhinisha ujenzi wa barabara kuu za kitaifa, na barabara hizo mara nyingi zilipita pembeni ya mji. Mwaka huohuo wa 1956 lilifunguliwa huko Edina, katika jimbo la Minnesota, jengo kubwa la maduka mengi chini ya paa moja, lenye uwanja mpana wa kuegesha magari. Majengo ya namna hiyo yalienea nchi nzima. Wanunuzi wakahamia huko, na mtaa wa zamani ukabaki na madirisha yaliyozibwa kwa mbao.

Wenye maduka walijaribu kujiokoa. Wengi walifunika sura za mbele za majengo yao kwa mabati ya kisasa ili yafanane na yale mapya ya pembeni ya mji. Dawa hiyo haikuponya. Mnunuzi aliyetaka maduka mapya alikwenda kwenye maduka mapya yenyewe. Na yule aliyeupenda mji wake wa zamani hakuuona tena, kwa kuwa ulikuwa umefichwa nyuma ya bati.

Jaribio la miji mitatu

Mwaka 1977 shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria, ambalo lilipewa hati na Bunge la Marekani mwaka 1949, lilianza jaribio katika miji 3: Galesburg katika Illinois, Madison katika Indiana, na Hot Springs katika South Dakota. Kazi hiyo iliongozwa na Bibi Mary Means kutoka ofisi ya shirika iliyokuwa Chicago. Hawakuanza kwa kugawa fedha. Walianza kwa kuweka meneja mmoja katika kila mji, ambaye kazi yake ya kutwa nzima ilikuwa mtaa ule tu. Meneja alizungumza na kila mwenye jengo, aliwakutanisha wenye maduka na benki, alitafuta mchoraji wa majengo, na aliandika hesabu ya maduka yaliyofungwa na yaliyofunguliwa.

Mwaka 1980 jaribio hilo likawa mpango wa kitaifa, likianza na majimbo 6: Colorado, Georgia, Massachusetts, North Carolina, Pennsylvania na Texas. Mpango ulisimama juu ya nguzo 4. Ya kwanza ni umoja wa watu wa mji wenyewe, wakiwa na kamati na bajeti. Ya pili ni kuutangaza mtaa kwa sikukuu, masoko na sherehe. Ya tatu ni utengenezaji wa majengo kwa kufuata sura yake ya asili. Ya nne ni uchumi, yaani kutafuta biashara zitakazoweza kuishi hapo. Tafadhali angalieni mahali ambapo sherehe imewekwa. Ni nguzo moja kati ya nne, na nyumba haisimami kwa nguzo moja.

Serikali nayo ilisaidia kwa njia ya kodi. Sheria ya mwaka 1981 ilimpa mwenye jengo la kihistoria la biashara nafuu ya kodi ya asilimia 25 ya gharama za matengenezo yaliyokubaliwa. Mwaka 1986 nafuu hiyo ilipunguzwa kuwa asilimia 20, na tangu mabadiliko ya mwaka 2017 hugawanywa katika miaka 5. Maana yake ni kwamba anayetumia dola 100 kutengeneza jengo lake hupunguziwa dola 20 katika kodi ya mapato. Mtu huyo hangojei hotuba. Anayo sababu ya kupanda ngazi na kutazama paa lake mwenyewe.

Ziara ya mke wa Gavana

Sasa nakuja kwenye ziara zenyewe. Katika jimbo la Texas mpango huu ulianza mwaka 1981 chini ya tume ya jimbo inayoshughulikia historia. Miji ya kwanza ilikuwa 5: Eagle Pass, Hillsboro, Navasota, Plainview na Seguin. Katika miaka iliyofuata pakajengeka desturi kwamba mji unapopokelewa katika mpango, mke wa Gavana huutembelea. Bibi Laura Bush alifanya ziara hizo wakati mumewe alipokuwa Gavana, na baadaye Bibi Anita Perry na Bibi Cecilia Abbott. Bendi ya shule hupiga muziki, meya huhutubia, watoto hupunga bendera ndogo, na mgeni hutoa salamu mbele ya majengo ya kale. Katika baadhi ya ziara hufunuliwa mchoro unaoonyesha jinsi jumba la zamani, kwa mfano la senema, litakavyokuwa likitengenezwa.

Mtu akitazama juu juu ataona kwamba hiyo ni sherehe kama sherehe zetu. Lakini tuulize: kabla ya siku hiyo mji ulifanya nini? Mji uliandika maombi. Ulishindana na miji mingine, kwa kuwa miji inayochaguliwa kwa mwaka haizidi 5. Uliahidi kuajiri meneja na kumlipa kutoka katika fedha zake wenyewe. Ulionyesha kwamba wenye majengo na wenye maduka wamekubali. Yaani mgeni alipofika alikuta kazi imekwisha kuandikwa na mtu wa kuifanya amekwisha kuajiriwa. Na baada ya siku hiyo, mji hutakiwa kupeleka taarifa za vipindi kuhusu fedha zilizowekezwa, majengo yaliyotengenezwa, biashara zilizofunguliwa na ajira zilizopatikana. Makatibu mlio hapa mnalijua jambo hilo. Ni ndugu wa taarifa mnazoleta ofisini kwetu, baadhi kwa wakati na baadhi baada ya kukumbushwa.

Ziara ya namna hiyo ina faida tatu ninazoziona. Kwanza, huwapa watu tarehe. Kazi isiyo na tarehe hulala. Pili, huwakutanisha mahali pamoja watu ambao hawajakutana: mwenye jengo anayeishi mji mwingine, meneja wa benki, na mama mwenye duka la mikate. Tatu, huifanya ahadi kuwa ya hadhara. Meya aliyeahidi mbele ya bendi na watoto wa shule ataona haya kuikana ahadi hiyo baada ya miezi 6.

Hillsboro: sherehe iliyokuja baada ya kazi

Ipo namna ya pili ya sherehe, nayo ni ile inayokuja kazi ikiisha. Tuuchukue mji wa Hillsboro, mmoja wa ile 5 ya kwanza. Katikati ya mji huo pana mahakama ya wilaya iliyojengwa katika karne ya 19. Tarehe 1 Januari 1993 mahakama hiyo iliungua. Mji ungeweza kubomoa magofu na kujenga sanduku la zege. Watu hawakukubali. Mwimbaji Willie Nelson, mzaliwa wa kijiji cha Abbott katika wilaya hiyohiyo, alifanya onyesho la kuchangisha fedha. Michango ilikusanywa, mafundi wakafanya kazi kwa miaka, na mwaka 1999 jengo lilifunguliwa upya kwa sherehe. Katika mwaka huo wa 1999 jimbo la Texas lilianzisha mpango maalumu wa kutengeneza mahakama zake za kale.

Sherehe ya kuanza kazi ni ahadi, na sherehe ya kumaliza kazi ni stakabadhi. Zote mbili zina heshima yake. Sherehe isiyokuwa na heshima ni ile ya katikati, ambayo haifuati maombi, haina meneja, wala haikabidhi jengo lolote. Ila rangi imepakwa upande ule ambao mgeni atapita.

Powell: mtaa uliookolewa kwa hisa

Ndugu Wanachama, mfano mmoja zaidi unatuhusu sisi watu wa ushirika kwa karibu. Katika mji mdogo wa Powell, jimbo la Wyoming, duka kubwa la nguo la mtaa mkuu lilifungwa na kampuni iliyolimiliki. Watu wakaona watalazimika kusafiri mbali kununua hata soksi, na kwamba anayesafiri kununua soksi atanunua hukohuko viatu, dawa na chakula, na maduka mengine ya mtaa yatakufa yakifuatana. Wakaamua kuuziana hisa wao kwa wao. Hisa moja ilikuwa dola 500. Duka lao likafunguliwa mwaka 2002 katika mtaa uleule, na likauza nguo kwa zaidi ya miaka 10.

Kwa sheria ya kwao duka hilo lilikuwa kampuni, si chama cha ushirika kama tunavyokielewa sisi. Lakini mnaiona damu ni moja. Kilichoufanya mtaa uishi ni wananchi walioweka dola zao na kupata haki ya kuuliza meneja ameuza nini. Mgeni mashuhuri akija kuliona duka la namna hiyo, anawakuta wenye duka mlangoni.

Turudi nyumbani

Kwetu nako tuna funzo chungu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wageni wengi wenye vyeo wametembezwa humo. Jumba la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultan Barghash, lilikuwa fahari ya mji huo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu 2 walipoteza maisha. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa chokaa hausomi kibao cha heshima kilichobandikwa juu yake. Unachojua ni maji yanayoingia na muda uliopita.

Na mimi katika ukaguzi wangu niliwahi kukuta, katika chama kimoja ambacho sitakitaja, hati za malipo ya mapokezi ya mgeni. Palikuwa na ng'ombe, turubai, vipaza sauti, khanga za kina mama wa ngoma, na rangi ya kupaka upande wa mbele wa ghala. Upande wa nyuma haukupakwa kwa kuwa mgeni hakupangiwa kupita huko. Fedha ilitoka katika fungu la matengenezo, na muhtasari wa mkutano wa kuidhinisha badiliko hilo haukuwapo. Mvua zilipoanza, maji yaliingia kwa mabati yaliyotoboka upande ule wa nyuma, na kahawa ya wanachama ikalowa. Kahawa iliyolowa huota kuvu na hushuka daraja, na daraja likishuka bei hushuka nalo. Katika mkutano mkuu mzee mmoja aliuliza kama mgeni alikula ng'ombe au alikula mabati. Watu walicheka, lakini hakuna aliyeweza kumjibu.

Sisemi kwamba viongozi wasialikwe. Ukarimu ni desturi yetu, na mgeni mwenye cheo anaweza kufungua mlango ambao barua 10 za Katibu hazikuufungua. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji augue. Mwenyeji akibaki na deni baada ya mgeni kuondoka, methali hiyo imepinduliwa.

Maswali manne ya Katibu

Kwa hiyo, inapokuja barua ya kuomba mchango kwa ajili ya ziara, napendekeza Katibu aiweke mbele ya bodi pamoja na maswali haya:

1. Ziara hii ni ya ahadi au ni ya stakabadhi? Kama ni ya ahadi, mpango wa kazi uko wapi, na nani ameajiriwa au kuteuliwa kuusimamia? Kama ni ya stakabadhi, ni jengo gani linalokabidhiwa na fundi amelipwa kiasi gani?

2. Fedha inatoka fungu gani? Makisio ya mapato na matumizi hupitishwa na mkutano mkuu. Kama mapokezi hayamo katika makisio, bodi haina ruhusa ya kuyalipia kwa kuchota fungu la matengenezo au malipo ya wakulima. Wanachama waulizwe, na uamuzi wao uandikwe katika muhtasari.

3. Jengo letu wenyewe likoje? Haifai chama kuchangia utepe wa mtaa mzima wakati paa la ghala lake linavuja. Fundi apande juu kwanza, akague mabati, kenchi na mifereji ya maji, na taarifa yake isomwe katika kikao hichohicho kinachojadili mchango.

4. Baada ya mgeni kuondoka, nani atatoa taarifa, na lini? Mchango uambatane na sharti kwamba waandaaji watatoa hesabu, na kwamba baada ya miezi 6 wataeleza ni maduka mangapi yamefunguliwa na ni kuta ngapi zimetengenezwa.

Chama kikipata majibu mazuri kwa maswali yote manne, kichange kwa moyo mkunjufu, na Mwenyekiti asimame mbele kumpokea mgeni bila ya wasiwasi. Kisipopata majibu, Katibu aandike barua ya heshima akieleza kwamba chama kitashiriki kwa nguvukazi, kwa ngoma, au kwa kufungua ghala lake ili mgeni aone kazi ya wakulima. Barua hiyo si utovu wa adabu. Ni ulinzi wa mali ya watu ambayo Katibu amekabidhiwa.

Nimesikia pia wasiwasi kwamba Katibu anayeuliza maswali ya namna hii atachukiwa. Inawezekana. Lakini kanuni iliyopitishwa na mkutano mkuu humkinga. Akiulizwa kwa nini hakutoa fedha, hatasema, "Mimi sikutaka." Atasema, "Wanachama wameagiza hivi," na ataonyesha muhtasari. Kwa sababu hiyo naomba maswali haya yapelekwe katika mikutano mikuu ijayo ya vyama vyenu, yajadiliwe, yapunguzwe au yaongezwe, na yakipitishwa yabandikwe ofisini karibu na mizani, mahali ambapo mkulima anayeleta gunia lake atayasoma.

Ndugu Mwenyekiti, ofisi yetu iko tayari kumsaidia Katibu yeyote kutayarisha makisio ya matengenezo ya majengo ya zamani, na kukagua mikataba ya mafundi kabla haijatiwa saini. Msingoje hadi siku ya ukaguzi.